Yanatoka kwa Mama

Mkunazini, Unguja
8 Machi 1970

Kaka Muhiddin,

Shikamoo. Hiyo ndiyo heshima yote utakayoipata leo. Salamu ndefu utazikuta kwenye barua ya Bimkubwa. Mama yetu anajua kusalimu mpaka karatasi ikaisha. Mimi nina haraka, mwanangu Shaame amelala na sijui ataamka saa ngapi.

Anaumwa tena. Mara hii sikio, usaha unamtoka mpaka mto unaloa. Mwezi uliopita kifua. Kabla yake jipu la paja lililokatwa hospitali, na kabla ya jipu, kifua kile kile. Wakimpiga sindano za penisilini anapona, anacheka, anakimbiza paka, wiki mbili tatu, halafu tunaanza upya. Ana mwaka mmoja na nusu, na hospitali wanamjua kuliko wanavyomjua daktari wa zamu. Miezi saba ya mwanzo alikuwa mnene, hata chafya hakupiga. Ndio maana nnauliza.

Hapa tuko wanne: mimi, mume wangu Makungu, mtoto, na mavyaa, Bi Mwanapili, mama yake Makungu, aliyekuja kutoka Bwejuu kunilea uzazi na hajarudi. Simsemi vibaya. Mimi nikenda skuli kusomesha yeye ndie anaekaa na mtoto. Shaame anamwita yeye Mama, na mimi ananiita Mwatum, kama anavyosikia kwa baba yake. Sote nyumba nzima tunamwita Mama. Lakini siku hizi ananitizama mno, wala hasemi kitu.

Kaka, nikuulize la kitaalamu. Maziwa ya mama yanaweza kuharibika yakiwa kifuani? Yaani mama akifanya jambo, au asipofanya. Nijibu tu, usiniulize kwa nini.

Na utafiti wako wa kuku umefika wapi? Nimemwambia Mwalimu Mkuu kuwa kaka yangu amepelekwa Ujerumani kuchungulia nyuma ya kuku, akacheka mpaka akakaa chini.

Mdogo wako,
Mwatum


Leipzig
1 Aprili 1970

Mwatum mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imeshafunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi mbaya. Waliosoma habari za usaha wa sikio nawapa pole.

Maziwa hayaharibiki kifuani. Mama mwenye homa, mama mwenye huzuni, mama aliyekula pilipili, maziwa yao ni maziwa. Na mtoto akiwa bado tumboni, mama humpa kinga yake mwenyewe kupitia damu, akiba ya miezi sita saba hivi. Kisha akiba inakwisha, na mtoto lazima atengeneze ya kwake. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya protini za maziwa, nimeutoa, maana nakujua.

Kuku nao usiwacheke. Ukichinja kuku mchanga, tizama juu ya tundu la nyuma, utakuta kifuko kidogo mfano wa zambarau. Jina lake bursa. Kifaranga akikatwa kifuko hicho siku anayototolewa, anakua bila ya kinga. Zile chembe za damu zinazotengeneza silaha za kupigana na maradhi hazipatikani. Ndio wenzetu wakaziita chembe B, kwa herufi ya kifuko hicho. Sasa mtu hana kifuko, na panya hana. Chembe zao wanakuzia wapi? Profesa wangu anasema matumboni. Mimi nasema ndani ya uboho wa mifupa. Kila siku ya Mungu navunja mifupa ya mapaja ya panya, myembamba kama njiti za kibiriti, nausukuma uboho nje kwa sindano ya maji, nazitia chembe zake rangi inayong'aa, nahesabu. Zilizo changa hazing'ai. Siku mbili baadae baadhi yao zinang'aa. Profesa anasema nimehesabu vibaya. Basi nahesabu tena. Chakula hakinipiti na nimeanza kusema peke yangu njiani.

Lakini barua yako imenitoa kwenye panya. Nifanyie mambo mawili. Chukua tochi, mfungue Shaame mdomo, utizame kila upande wa kilimi. Kuna tezi mbili, zile zinazovimba mtu akipata mafindofindo. Niambie ukubwa wake. La pili, mwombe daktari amtoe damu kidogo, waiache igande, wakupe maji yake ya juu. Mwanafunzi mwenzangu Abrahman yuko Unguja kwa likizo, anarudi Mei. Mpe kwenye chupa ya chai yenye barafu.

Na mimi pia usiniulize kwa nini.

Muhiddin


Mkunazini
29 Aprili 1970

Kaka,

Nimetizama. Sikuziona. Nikadhani sijui kutizama, nikamfungua mdomo Makungu. Zake ziko, mbili, kubwa. Nikatizama za watoto wa darasa langu, arubaini na mbili, mmoja mmoja, wakadhani ni ukaguzi wa serikali. Wote wanazo. Nikarudi kwa mwanangu na tochi yangu. Koo lake limekwenda sawasawa kama ukuta uliopakwa chokaa. Hana. Niambie maana yake nini mtu kutokuwa nazo.

Damu nimempa Abrahman, na chupa yangu nzuri ya chai, airudishe.

Sasa nakwambia kwa nini niliuliza maziwa, maana ukijibu kitaalamu hivyo unanizidishia. Mavyaa amesema. Ameyasema mbele ya wifi zangu wawili waliokuja kutoka Bwejuu, na mimi nimeshika sinia la chai. Ati nimembemenda mtoto. Ati mimi na Makungu tulirejeana kitandani kabla Shaame hajatoka ziwani, na uchafu wetu umeingia kwenye maziwa. Makungu alikuwepo. Alitizama miguu yake.

Kaka, ni kweli tulirejeana. Mtoto alikuwa na miezi saba. Mwezi wa nane ndio akaanza kuumwa. Niambie mtu aliyesoma hesabu afanye nini na hesabu kama hiyo. Nnasomesha sayansi, nnajua mbu na malaria na kuosha mikono, na bado nikimtizama mume wangu naona haya kama mwizi. Sijamkaribia tangu Januari. Nnaogopa kumshika hata mtoto mwenyewe.

Nijibu haraka.

Mwatum


Leipzig
20 Juni 1970

Mwatum,

Hukumbemenda. Nimeanza na hilo ili ukikatizwa kusoma uwe ushalipata.

Abrahman kafika na chupa. Damu ya Shaame nimeipima mara tatu. Tunaidondosha kwenye karatasi, tunaipitishia umeme, na protini zake zinatambaa kila moja kwa mwendo wake, zinaacha mikanda. Mkanda wa mwisho ndio wa kinga. Kwa Shaame haupo. Nikaweka damu yangu pembeni, upo. Nikasema karatasi mbovu, nikabadilisha karatasi. Haupo.

Uboho anao, na chembe changa naamini zimo humo. Lakini ni kama skuli yako darasa la kwanza likawa limejaa na la pili hamna hata mmoja. Kuna kitu kinazizuia mlangoni na hakuna anaejua ni nini. Hata zile tezi za koo hujengwa na chembe hizo hizo, ndio maana hukuziona. Miezi saba ya mwanzo aliishi kwa akiba yako. Akiba ilikwisha mwezi ule mliorejeana, na hata mngelala vyumba mbali mbali ingekwisha vile vile.

Dawa ipo. Si ya kuponya, ni ya kumshikilia: kinga iliyochujwa kwenye damu za watu wengi, sindano moja kila mwezi, maisha yake yote. Inauma. Isikose baridi, na isikose mwezi. Nimewaangukia miguuni wakubwa wa hospitali hapa nikapata ya miezi sita, na naendelea kuwaangukia. Anakuja nayo daktari mmoja anaeletwa kufanya kazi huko.

Utauliza maradhi haya yametoka wapi. Hilo tuliwache kwanza, kwangu halijawa wazi.

Muhiddin


Mkunazini
22 Agosti 1970

Kaka,

Shikamoo, na leo naisema kwa moyo. Shaame ameshapigwa sindano mbili. Anaempiga ni Biasha, muuguzi, rafiki yangu, na dawa inakaa kwenye friji ya hospitali. Tangu sindano ya kwanza hana homa, hana usaha. Amenenepa. Jana ameniuma mkono nikafurahi.

Mavyaa anasema ni kombe la aya alilomnywesha yeye. Makungu hajui amwamini nani. Nilimwambia kuwa wewe umesema sikumbemenda, akajibu kaka mtu lazima amtetee dada yake. Sasa mavyaa anataka nipelekwe Chukwani kwa Bimkubwa "nikapumzike", na mwanamke akirudishwa kwao kupumzika unajua anapumzika kwa muda gani. Mtoto abaki nae. Makungu hajakubali wala hajakataa. Kaka, siwezi kumwacha mwanangu kwa mtu asiyeziamini sindano; mwezi mmoja tu akizikatiza, nitamzika. Mwandikie Makungu mwenyewe, mwanamme kwa mwanamme. Labda wewe atakusikia.

Na bado hujanijibu yametoka wapi.

Mwatum


Leipzig
10 Septemba 1970

Kwa Shemegi Makungu,

Assalaam alaykum. Natumai mu wazima nyote. Mama nifikishie salamu zangu na shukrani kwa kumlea Shaame.

Nakuandikia kwa sababu ni haki yako kujua. Mtoto hakubemendwa. Maradhi haya hayatokani na kitendo chochote. Yanatoka kwa mama. Mama mwenyewe huwa mzima wa afya, haumwi chochote, wala hajijui kuwa anayo. Yanapita kwa wanawake kimya kimya na kuwaangukia watoto wa kiume. Kwa hivyo hana kosa, na si haki kumlaumu wala kumtoa nyumbani. Lililo muhimu ni sindano isikose hata mwezi mmoja.

Nakuomba Mwatum usimwambie haya kwa sasa. Atababaika bure.

Wako,
Muhiddin


Mkunazini
1 Oktoba 1970

Kwa Bwana Muhiddin,

Waalaykumu salaam. Barua yako nimeipata na imeniingia vibaya. Mimi si msomi, nafanya kazi bandarini, lakini Kiswahili nakijua. Umeandika kuwa maradhi ya mwanangu yanatoka kwa Mama. Kuwa anayo mwilini na hajijui. Kuwa yanapita kwa wanawake na kuangukia watoto wa kiume. Kitu kama hicho kwetu kina jina moja tu, na wewe unalijua. Tena ukanitaka nisimwambie Mwatum, maana unajua ataogopa kukaa nae nyumba moja.

Sikuweza kukaa na neno hilo peke yangu. Nilimuuliza Mama, kwa adabu, kama kuna kitu cha wazee alichoachiwa kwao. Akaniuliza nimelipata wapi hilo. Nikamsomea barua yako. Hakulia. Alifunga nguo zake, akamchukua Shaame, akaenda Bwejuu leo hii. Amesema atamlea huko mbele ya watu wote, tuone kama kuna atakaemdhuru.

Utasema kwa nini sikumzuia. Ningemwambia nini? Mpe mtoto baba yake, wewe mchawi? Ni mama yangu.

Dawa nakushukuru. Mengine siwezi kukushukuru.

Makungu


Mkunazini
12 Oktoba 1970

Muhiddin,

Leo sikwiti Kaka.

Makungu amenipa barua yako niisome. Yeye na mama yake walilisoma neno lile wakamwona Bi Mwanapili. Mimi nimelisoma nikajiona. Nikamkumbuka Bakar wetu, na Usi, ndugu zetu waliokufa hawajafika miaka mitatu, kifua na masikio, kifua na masikio. Na Bimkubwa alikuwa na kaka yake aliyekufa vile vile. Kumbe ulijua tangu Juni. Ukanificha mimi, ukaenda kumwambia mwanamme, halafu ukamwomba na yeye anifiche.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Makungu amekuwa mpole. Ananiomba radhi. Hakuna anaetaja kubemenda, hakuna anaetaja Chukwani, wifi zangu kimya. Siku kumi na moja nimekaa nyumbani kwangu bila ya lawama, na sijafungua mdomo wangu. Nikisema mama ni mimi, nitarejeshwa kwetu na mtoto ntamkosa. Nikinyamaza, mtoto yuko Bwejuu hana sindano. Ya mwezi huu ilikuwa tarehe tano. Nilipeleka mtu kumtaka Shaame, mavyaa akamjibu mtoto hatoki kwake mpaka mjini wamtake radhi.

Nikae? Nisimame? Nnazunguka ukumbini kutwa, mpaka jirani wa chini ameuliza kama tunasaga unga. Leo Msabah, anaeendesha gari ya Bwejuu, ameniambia amemwona mwanangu. Anakohoa.

Mwatum


Leipzig
24 Oktoba 1970

Mwatum,

Sina la kujitetea. Nilijiambia nakuepusha na huzuni, na kweli ni kuwa niliogopa kukwambia.

Ndio. Ni Bakar, ni Usi, ni yule mjomba wetu. Kila mtoto wa kiume utakaemzaa, nusu kwa nusu. Wa kike hawaumwi, lakini wanaweza kuyabeba kama ulivyoyabeba wewe. Mimi yalinipita na sijui kwa nini mimi. Kila mfupa wa panya ninaouvunja nawatafuta wao humo ndani. Jana Profesa amezikubali hesabu zangu. Amesema huenda ni uboho kweli. Nilikwenda chooni nikalia.

Nimemwandikia Makungu barua ya pili, kwa neno lisilo na njia mbili: mama mzazi wa mtoto, Mwatum. Iko mezani na stempu yake. Siitii posta mpaka uniambie. Lakini Shaame apate sindano, kwa njia yoyote. Mwezi mmoja anaweza kuustahimili. Wa pili siwezi kukuahidi kitu.

Muhiddin


Mkunazini
9 Novemba 1970

Kaka Muhiddin,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nshakwenda na nsharudi.

Nilipokwisha kukuandikia ile nyengine sikuweza kukaa tena. Tarehe kumi na saba Biasha aliomba ruhusa hospitali, tukatia dawa kwenye chupa ya chai na barafu, tukapanda gari ya Msabah. Mavyaa tulimkuta barazani kwake Bwejuu anasokota kamba za usumba, Shaame amemlaza mapajani, macho mekundu, pumzi fupi fupi. Hakuinuka kutupokea. Aliuliza kama tumekuja kumtoa mtoto kwa mchawi.

Nilipanga maneno njia nzima na yote yalinipotea. Nilikaa chini mbele yake.

"Mama, aliyeandikwa kwenye ile barua si wewe. Ni mimi. Mama aliyemzaa."

Nikamweleza Bakar na Usi, na kaka yake Bimkubwa, na kuwa hata nikizaa tena inaweza kuwa hivyo hivyo. Nililia na sikuona haya. Nikamwambia kama anataka nirudi Chukwani ntakwenda kesho, lakini Biasha ampige mtoto sindano sasa hivi.

Alimgeuza Shaame akamfunua paja. Ile dawa nzito, inaingia pole pole, unaijua. Mtoto akapiga kelele "Mama!", tukanyoosha mikono sote wawili, kisha mimi nikairejesha yangu. Akampakata yeye.

Biasha alikwenda kisimani kuosha vyombo vyake. Mavyaa aliniuliza kama Makungu ameshajua. Nikasema hajajua. Akasokota pande refu la kamba.

"Basi asijue," akasema. "Leo hatosema kitu, mwanangu nnamjua. Lakini dada zake watasema, na mwakani utasikia ameoa kwengine apate watoto wazima."

Nikamwambia ataitwa mchawi yeye.

"Barua imesema mama. Nyumba ile Mama ni nani?"

"Ni wewe."

"Iwache hivyo hivyo. Mimi mume wangu yuko kaburini mwaka wa kumi huu, hakuna wa kunipa talaka. La kubemenda nililizusha mimi. Hili nalichukua mimi."

Ijumaa iliyofuata alirudi mjini na mtoto wake mgongoni. Alimwambia Makungu kuwa amekwenda kwa mganga, ni kweli kulikuwa na kitu cha wazee, hakukijua, na kimetolewa. Makungu alimbusu mikono. Wifi zangu hawali tena anachopika. Mtaani wanawavuta watoto wao akipita. Yeye amejitengea kikombe chake na sahani yake, na tarehe tano alimpeleka Shaame kwa Biasha bila ya kukumbushwa na mtu. Kila nikitaka kufungua mdomo ananitizama, nafunga. Nnaona haya, Kaka, nnamwonea huruma, na nnafurahi kuwa niko nyumbani kwangu na mwanangu. Yote matatu kwa pamoja, asubuhi mpaka jioni.

Shaame ameacha kukohoa. Dawa iliyobaki ni ya mwezi mmoja tu, usisahau kuwaangukia hao wakubwa wako.

Ile barua iliyoko mezani kwako, ichane. Usimsahihishe mtu. Jana Makungu aliniuliza, kwa sauti ndogo asisikike ukumbini, kama kwa maoni yangu mama yake amepona kweli. Nimemwambia amepona.

Mdogo wako,
Mwatum